Ardhi Haikujui

Siku ya kwanza tulipowatoa nje, nusu yao walianguka kwenye kona. Kona yenyewe haina maajabu. Barabara ya changarawe inatoka kwenye mlango wa Handaki, inapita matangi ya maji, inapinda kushoto, basi. Mbuzi anapinda pale huku anatafuna. Watu wangu walifika hapo macho juu, vifua mbele, wakaendelea moja kwa moja mpaka mtaroni, mmoja juu ya mwenzake, kama magunia ya mahindi yanayoshushwa kwenye lori.

Sikucheka, maana Mwenyekiti Gwandu wa Kamati ya Kutoka alikuwa amesimama pembeni yangu, mikono nyuma, barakoa imemning'inia kidevuni.

"Hawa wana nini, Basilisa?"

"Hawajawahi kupinda, Mwenyekiti."

"Mtu mzima na ndevu zake hajawahi kupinda?"

"Mkanda hauna kona."

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Huyu ndiye bwana aliyenipa miezi mitatu niwafundishe watu thelathini kukimbia juu ya ardhi, na yeye mwenyewe mara ya mwisho kukimbia popote ni kabla hajapewa kiti. Wa mwisho kutoka mtaroni alikuwa mdogo wangu, Emiliana. Goti lilikuwa linavuja damu, naye alilitazama kwa mshangao tu, bila hata kukunja uso. Bangili ilikuwa inawaka kwenye kifundo cha mguu wake.

"Ivue hiyo," nikamwambia.

"Siivui."

"Ukiwa na mimi utaivua."

Akaivua, akaishika mkononi, na papo hapo goti likaanza kumuuma. Alilia machozi ya hasira. Hasira yenyewe ilikuwa juu yangu, si juu ya goti.

*

Nieleze mkanda, maana siku hizi kuna watoto Dareda ambao hawajawahi kuuona. Ziwa la bondeni lilipokauka, magadi yake yakawa vumbi, na vumbi likawa tufani linalochubua mapafu. Babu zetu wakaingia mlimani. Kwa Wairaqw kuchimba mlima si jambo geni; wazee wa zamani waliwakimbia maadui zao kwa kujificha kwenye nyumba za chini ya ardhi. Ila hawa walichimba wakaenda ndani kabisa, wakafunga mlango, wakapaita Handaki. Ndani hakuna hewa bila feni, hakuna feni bila umeme, na umeme unatoka miguuni mwa watu. Kila mtu mzima ana zamu yake ya kukimbia juu ya mkanda.

Mkanda una akili. Unajua uzito wako, unajua kisigino chako kinatua upande gani, na kabla mguu haujafika chini unanyanyuka kidogo kuupokea. Ukichoka unapunguza mwendo. Ukiyumba unakurudisha katikati. Na ukiumwa na goti, unavaa bangili, ambayo inazuia mishipa ya fahamu isipeleke habari kichwani. Goti linaendelea kuharibika, ila wewe huambiwi. Watu wamekimbia hivyo miaka nenda rudi, na wana mapafu ya ajabu. Hapo ndipo penye hatari. Mapafu yanasema twende, na mifupa haijawahi kukutana na jiwe.

Dareda, kule chini ya ukingo wa bonde, hewa sasa ni safi karibu mwaka mzima. Lakini tufani bado linazuka ghafla, na likikukuta shambani ni miguu yako itakayokufikisha kwenye kibanda. Kwa hiyo Kamati imeweka mtihani. Unashuka mbio barabara ya zamani ya ukingo, kutoka mlango wa Handaki mpaka Dareda, na unatakiwa uvuke kamba kule chini, kwa miguu yako mwenyewe, kabla king'ora cha kufunga mtihani hakijalia. Ukivuka unapewa nyumba na watoto wako wanakufuata. Usipovuka unarudi ndani, ungoje mtihani mwingine mwakani.

Emiliana alikuwa na mtoto mmoja, Tekla, wa miaka mitano. Baba yake alishajiendea zake. Tekla alikuwa na kifua kibaya. Kuvu inaota kwenye vichujio vya feni, hakuna anayeimaliza, na kile kitoto kilikuwa kinapumua kwa mluzi na kulala kimeketi. Daktari wa Handaki alishasema wazi kwamba dawa zake ni za kutuliza tu. Mtoto anahitaji hewa nyingine, na upesi.

Mimi ni fundi wa minara. Nilipelekwa nje nikiwa binti, nikajifunza ardhi kwa kuumia: nilivunjika kidole, nikateguka, nikachechemea mwaka mzima huku mafundi wenzangu wakinicheka. Nina nyumba yangu Dareda, chumba na sebule, na dirisha linalofunguka. Sina mtoto. Niliwahi kumwambia Emiliana, kwa nia safi au kwa nia niliyodhani ni safi, "Nipe Tekla nikae naye mpaka wewe ushinde mtihani."

Alinijibu hivi: "Kizazi chako kimekataa, sasa unataka cha kwangu?"

Hatukusalimiana tena mpaka Kamati ilipomchagua kufanya mtihani, na ikaniteua mimi kuwa mwalimu wake.

*

Nilianza nao kwa kutembea. Walinuna. Watu waliokimbia umbali wa Arusha kwenda na kurudi, wakiwa wamesimama mahali pamoja, eti watembee! Nikawatembeza hivyo hivyo, kwanza kwenye udongo laini wa kando ya msitu, halafu kwenye nyasi, mwisho changarawe. Baadaye tukachanganya, kukimbia kidogo na kutembea sana. Siku moja kazi, siku moja mapumziko, na anayesikia moto kwenye muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti, aniambie siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Mteremko niliuacha wa mwisho kabisa. Mkanda unapanda tu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushuka, na kushuka ndiko kunakovunja mifupa.

Tatizo kubwa lilikuwa hatua. Mkanda unauvuta mguu nyuma wenyewe, kwa hiyo hawa walikuwa na tabia ya kuutupa mguu mbali mbele, halafu wanangoja wavutwe. Ardhi haikuvuti. Ukitupa kisigino mbele, mfupa wa muundi ndio unaofunga breki, kila hatua.

"Fupisheni!" nilikuwa napiga kelele mpaka koo linakauka. "Tueni chini ya nyonga, msitue mbele! Ardhi haikujui! Haijui uzito wako, haijui jina lako, haina habari na wewe!"

Kusimama nako kulikuwa kazi. Handaki mtu hasimami peke yake. Ukishuka kwenye mkanda kabla ya kupokewa, feni inapunguza kasi, na huko mwisho wa ukumbi kuna mtoto anakosa hewa. Anayekuja zamu anasimama kando yako, anashika chuma, anasema "Nimepokea," ndipo unakanyaga kushoto na kushuka. Tunafundishwa hivyo tangu ujana, na inaingia mwilini kuliko sala. Nilipowaambia wanafunzi wangu "Simameni," waliendelea kukimbia huku wananitazama kwa huruma. Siku moja nikajaribu "Nimepokea." Thelathini wote wakakanyaga kushoto kwa pamoja, na kushoto kulikuwa na miiba.

Emiliana alikuwa bora kuliko wote, na ndiye aliyenisumbua kuliko wote. Nikigeuka anavaa bangili, nikitazama anaivua. Siku za mapumziko alikuwa anatoka kwa siri kukimbia peke yake, nami nilikuwa naziona alama za viatu vyake asubuhi kwenye udongo, hatua ndefu za mtu mwenye haraka.

"Unaharibu mguu," nilimwambia.

"Wewe ukikaa usiku ukahesabu pumzi za mtoto, utaniambia habari za mguu."

*

Wiki ya sita Mwenyekiti Gwandu aliniita ofisini kwake, karibu na feni kubwa, pale ambapo hewa ni nzuri kuliko mahali pote Handaki.

"Pepo za kiangazi zinawahi mwaka huu," akasema. "Mtihani ni Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Kwani ziko ngapi wiki hii?"

"Mwenyekiti, hawajashuka mteremko hata mara moja."

"Watashuka Jumamosi."

"Wataumia."

"Watavaa bangili. Kamati imeruhusu."

Nilisimama. Nilimwambia asimsahau Fabiano Tluway. Mwaka uliopita Fabiano alikimbia na bangili, muundi ukakatika kwenye kona ya pili, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia, aliendelea kuukanyaga. Waliomkuta walisema mfupa ulikuwa umetoka nje na yeye anauliza imebaki kiasi gani. Mguu ulikatwa. Sasa anakaa chini ya feni akisugua kuvu kwenye vichujio, kwa sababu Handaki asiyeweza kukimbia hupewa kazi hiyo, na anakohoa kuliko watoto.

"Fabiano alikuwa mzembe," alisema Gwandu. "Wewe utakuwa na kishikwambi. Utaona mifupa ya kila mmoja. Nani amekukataza kumwonya mtu?"

"Nikimwonya na haumwi, atanisikia?"

"Hilo ni la mwalimu na mwanafunzi wake," akasema, akajivutia bakuli lake la karanga.

Nilimchukia mtu yule. Bado namchukia, na sioni haja ya kuficha.

Jioni ile Emiliana alinifuata kwenye stoo ya vifaa. Alikuwa amembeba Tekla mgongoni kwa kitenge, mtoto amelala, mluzi wa kifua chake unasikika kabla hujawaona. Alifunga mlango kwa kisigino.

"Dada, kishikwambi chako kinaweza kuzima bangili zetu?"

"Kinaweza."

"Toka mbali?"

"Toka popote. Ni kwa ajili ya mtu akizimia."

"Niapie hutaigusa yangu."

"Emi..."

"Usiniite Emi. Niapie. Ukiona nyekundu, ukiona nini, usiiguse. Ni mguu wangu. Nikiuvunja nikiwa nimevuka kamba, umevunjika nyumbani kwangu, na mtoto wangu yuko nje."

"Na ukiuvunja kabla?"

"Basi nitakuwa nimejaribu. Wewe hujui maana yake, kwa sababu hakuna kitu umewahi kukitaka hivyo."

Hapo alikosea. Kilichokuwa mgongoni pake nilikitaka hivyo hivyo, na alilijua hilo, ndiyo maana alitaka kiapo. Niliapa. Niliapa kwa kaburi la mama yetu, mbele ya mtoto aliyelala.

*

Jumamosi waliondoka asubuhi, jua limeshapanda. Mimi nilikuwa kwenye mnara wa katikati ya ukingo, mahali ninapoona barabara yote inavyojikunja mpaka Dareda. Nilikuwa na kishikwambi mkononi na kisikilizio sikioni. Kila mkimbiaji alikuwa na chake, nami niliweza kuongea na yeyote.

Kona ya kwanza walipinda wote. Nakiri nilipiga kofi peke yangu pale juu.

Kishikwambi kinaonyesha mifupa ya miguu kwa rangi. Kijani mfupa unabeba mzigo wake vizuri. Njano umechoka. Nyekundu una ufa. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, na ukipumzishwa unajiziba. Lakini ukiendelea kuugonga, hasa kwenye mteremko ambako kila hatua mwili unatua kwa uzito unaozidi wake mara kadhaa, unatembea ndani ya mfupa mpaka utokeze upande wa pili. Hakuna anayeweza kukuambia itachukua hatua ngapi. Inaweza kuwa elfu, inaweza kuwa inayofuata.

Muundi wa kushoto wa Emiliana ulikuwa wa njano kabla hajaanza. Zile mbio zake za siri. Katikati ya mteremko ukawa mwekundu.

"Emiliana," nikasema kwenye kisikilizio, "fupisha hatua."

"Niko wa ngapi?"

"Wa tatu. Una muda wa kutosha. Una ufa kushoto. Tembea kidogo."

"Sihisi kitu."

"Najua huhisi!"

"Basi niache."

Nyekundu ikakolea. Nilimwona kwa macho sasa, pale chini yangu, fulana ya bluu, anashuka vizuri kwa kweli, mikono imelegea, uso umetulia kama anakwenda kuchota maji. Mguu wa kushoto tu ndio ulikuwa unatua ubavu, kidogo sana. Mwili wenyewe ulikuwa umeshaanza kuukwepa mfupa, bila ruhusa yake.

Niseme nilichofikiri, kwa sababu watu Dareda wamesema mengi juu yangu. Nilifikiri kiapo. Nilimfikiria Fabiano na brashi yake ya kuvu. Nilifikiri labda atafika, maana kamba haikuwa mbali na yeye ana roho ngumu. Na nilifikiri kwamba asipofika, Tekla atahitaji mahali pa kukaa. Hilo nalo lilipita kichwani. Lilipita upesi, lakini lilipita.

Nikaizima bangili yake.

Ukelele wake niliusikia mara mbili, mara moja sikioni na mara nyingine kwa hewa, toka bondeni. Akayumba mpaka ukingoni mwa barabara. Nikasubiri asimame.

Hakusimama.

"Umeapa!" alikuwa anapumua kwa kulia. "Umeapa, Basilisa! Kwa mama!"

"Sasa unausikia. Ulikuwa huna habari, sasa unayo. Simama."

"Nimeusikia. Nakwenda."

Na kweli akaenda. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilidhani kazi yangu ni kumrudishia maumivu yake, kisha maumivu yatafanya kazi yao, nami nitakuwa mwalimu tu aliyesema ukweli. Lakini alikuwa ameusikia ukweli wote, mguuni mwake, na bado amechagua. Alifupisha hatua. Aliutua mguu chini ya nyonga. Alikuwa anakimbia vizuri kuliko siku zote nilizomfundisha, huku analia kwa sauti, na wekundu haukupungua. Ulizidi kukolea.

"Emi, tafadhali. Nakuomba."

"Ni mguu wangu!"

Alikuwa amebakiza mkunjo mmoja na kipande kilichonyooka. Niliiona kamba. Nilimwona mtu wa king'ora anatazama saa yake.

Nikasema, "Nimepokea."

Alikanyaga kushoto. Mwili ulikanyaga, yeye hakuwepo. Alishuka barabarani kama mtu anayeshuka kwenye mkanda, akasimama kwenye majani, mikono inatafuta chuma cha kushika. Kisha akatambua. Alijaribu kurudi barabarani, lakini miguu iliyokwisha kusimama ilikataa kuanza upya, na goti likajikunja. Alikaa chini. Wenzake wakampita, mmoja, mwingine, wengi. Alinyanyua uso akatazama mnara, akang'oa kisikilizio sikioni, akakitupa.

King'ora kikalia.

*

Kati ya wale thelathini, kumi na mmoja walivuka. Wawili walivunjika, mmoja vibaya. Gwandu alitoa hotuba.

Daktari alimpiga Emiliana picha ya mguu, akaniita nione. Ufa ulikuwa umefika zaidi ya nusu ya mfupa.

"Akipumzika utaunga vizuri," alisema. "Atakimbia tena."

"Kama angeendelea?"

Alikuna shingo. "Labda ungekatika. Labda angefika. Nimeona mifupa mibaya kuliko huu imefika."

Sikumuuliza tena kitu daktari yule, na nikimwona njiani napitia upande mwingine.

Siku nyingi zilipita. Emiliana alikuwa amelazwa, mguu umefungwa, hataki kuniona. Niliacha uji mlangoni, nikaukuta mlangoni. Halafu mvua za kwanza zikaingia, kuvu ikaumuka kwenye vichujio kama inavyofanya kila masika, na Tekla akashikwa na kifua kwa namna ambayo midomo ilibadilika rangi. Walimpa hewa ya mtungi. Asubuhi yake nilikuta Emiliana kwenye mlango wa Handaki, kwenye magongo, mtoto amesimama kando yake na mfuko wa nguo.

"Mchukue," akasema.

"Emiliana, sikufanya kwa ajili ya..."

"Sikukuuliza ulifanya kwa ajili ya nini. Anapenda uji wa ulezi, si wa mahindi. Akikohoa umkalishe, usimlaze. Nenda."

"Utakuja kumwona."

"Kwa mguu gani? Ule uliouokoa?" Alicheka, kicheko kibaya. "Uliapa kwa kaburi la mama, ukavunja. Ungeizima bangili tu ukaishia hapo, ningekusamehe, kwa sababu bado nilikuwa nakimbia. Nilikuwa nakimbia na maumivu yangu mwenyewe, dada. Wewe ukanisimamisha kama punda."

Najua kwamba ana miguu miwili kwa sababu yangu, au ana miguu miwili na angekuwa nayo hata bila mimi, na hakuna kishikwambi cha kuonyesha hilo. Nilimshika Tekla mkono tukaanza kushuka polepole, na nilipogeuka mlango ulikuwa umeshafungwa.

*

Tekla alipona. Sisemi nafuu, nasema alipona. Mwezi wa kwanza mluzi ulipungua, wa pili ukawa wa asubuhi tu, na baada ya hapo akawa analala chali amefunga mdomo, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu azaliwe. Nilikuwa naamka kumtazama. Alijifunza kufungua dirisha. Aligombana na watoto wa jirani, akawashinda. Nilikuwa na furaha ambayo ilinitia aibu, na aibu haikuipunguza hata kidogo.

Mfupa wa Emiliana ulipounga, alinitumia ujumbe kwa fundi mwenzangu: nimkute kwenye matangi ya maji.

Alikuwa amevaa viatu. Hakunisalimia.

"Mtihani ni baada ya mavuno," akasema. "Mwalimu ni wewe peke yako, hakuna mwingine anayejua huko chini. Utanifundisha."

"Nitakufundisha."

"Najua unaweza kunifundisha vibaya. Ukinichelewesha wiki mbili, mwezi, nani atajua? Utasema mguu haujawa tayari, na kila mtu atakuamini, maana mwalimu Basilisa ndiye aliyeokoa mguu. Nitakuwa nakuangalia."

"Niangalie."

Tukaanza upya kwa kutembea. Safari hii hakununa, hakuvaa bangili, hakutoka kwa siri. Nikisema pumzika anapumzika, lakini kwanza ananitazama kwa muda, anapima kama ni mguu unaoongea au ni mimi. Hatukuongea kingine. Habari za Tekla alikuwa anaziuliza kwa watu wengine, hata nikiwa nimesimama pale pale. Nilimfundisha kutua, kupinda, kusoma mawe yaliyo mbele, kusimama kwa amri yake mwenyewe. Nilimfundisha kila ninachojua, na kila kilichoingia kilikuwa kinaniondolea kitu nyumbani kwangu.

Jana tulifanya mteremko wa kwanza, kipande kifupi cha juu. Alishuka, akapanda akitembea, akashuka tena. Kisha akaketi juu ya jiwe, akavuta suruali mpaka gotini, akanyoosha mguu wa kushoto mbele yangu.

Nilipiga magoti. Niliupapasa muundi kwa kidole gumba, toka chini ya goti mpaka kwenye kifundo, nikibonyeza. Mtu mwenye ufa hawezi kuficha hapo, ataruka tu. Hakuruka. Nikarudia, nikabonyeza zaidi. Nilikuwa natafuta. Nilitaka nikute kitu, hata uvimbe kidogo, hata joto. Mungu anisamehe, nilitaka. Mfupa ulikuwa mgumu na baridi toka juu hadi chini.

"Unasemaje?" akauliza.

Kusema "tupumzike wiki mbili" kungenitoka kirahisi sana. Sauti ya mwalimu ninayo, na ningeisema kwa huruma.

"Niangalie machoni halafu useme," akasema Emiliana.

Nikamwangalia. Ana macho ya mama yetu, na chuki iliyokuwamo ilikuwa imekaa pale pale, haijapungua.

"Mzima," nikasema. "Kesho tunashuka mpaka kona ya pili."

Alishusha suruali, akafunga kamba za viatu, akaanza kupanda kwenda Handaki. Alipofika mbali kidogo alisema bila kugeuka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tuanze upya kunitajia mimi jina hilo, "Mwambie Tekla nakuja."

Nilimwambia jioni ile ile, wakati anakunywa uji. Aliruka mpaka uji ukamwagika. Alizunguka nyumba nzima anaimba mama anakuja, mama anakuja. Kisha akatulia, akaja akasimama karibu na goti langu, akaniuliza kama akihamia kwa mama yake ataruhusiwa kuja kunisalimia.

Nikamwambia hilo amuulize mama yake.